Amri ya Maradhi na Mfano wa Kiongozi

Kila maradhi ya kuambukiza yanapozuka na serikali ikatoa amri za kuyazuia, huzuka pia swali ambalo viongozi huulizana ofisini: kwa nini wananchi hawatii? Jibu lililozoeleka ni kwamba wananchi hawajaelimishwa vya kutosha. Basi hutolewa matangazo zaidi, mabango zaidi na semina zaidi. Jibu hilo lina ukweli wake, lakini aghalabu huficha jambo kubwa zaidi. Mwananchi anaweza kuwa anaielewa amri barabara, tena ameitii kwa wiki nyingi kwa gharama kubwa, halafu imani yake ikatikiswa kwa siku tatu tu. Na anayeitikisa si lazima awe mpinzani wa amri hiyo. Huweza kuwa mtu anayefanya kazi katika jengo lilelile ilimotangazwa.

Katika makala hii tutalieleza jambo hilo kwa mfano wa Uingereza wakati wa maradhi ya korona, kuanzia 2020. Hatukuuchagua mfano huo kwa kudhani kwamba viongozi wa huko ni wabaya kuliko wengine duniani. Tumeuchagua kwa sababu mbili. Kwanza, yaliyotendeka yalichunguzwa na polisi, na mtumishi wa ngazi ya juu wa serikali yenyewe, na kamati ya Bunge. Pili, wataalamu walikuwa wakiipima imani ya watu katika kipindi hichohicho, kwa hiyo hatuna haja ya kubahatisha.

Ieleweke pia kwamba nchi tuliyozoea kuiita Uingereza ina sehemu nne: England, Uskoti, Wales na Ireland ya Kaskazini. Mambo ya afya katika sehemu tatu za mwisho huamuliwa na serikali za huko. Ya England huamuliwa na serikali kuu ya London. Tofauti hiyo itatusaidia mbele.

Utii hutoka wapi?

Tarehe 23 Machi 2020 Waziri Mkuu Boris Johnson aliwaamuru wananchi wabaki majumbani. Siku tatu baadaye kanuni hizo zikawa na nguvu ya sheria katika England. Mtu aliruhusiwa kutoka kwa sababu chache tu, kama kununua mahitaji, kutafuta matibabu, kufanya mazoezi, au kwenda kwenye kazi isiyoweza kufanyika nyumbani. Mazishi yalihudhuriwa na watu wachache. Wengi walifiwa na wazazi wao hospitalini bila hata kuwashika mkono.

Wakati huo England ilikuwa na watu wapatao milioni 56. Hakuna polisi wanaoweza kulinda milango ya watu wengi kiasi hicho. Ni kweli kwamba faini zilitozwa. Katika muda wa miaka miwili hivi polisi wa England na Wales walitoa faini zaidi ya 100,000. Lakini ukiilinganisha hesabu hiyo na mamilioni ya wakazi, utaona kwamba hofu ya faini haiwezi kuwa ndiyo iliyowaweka watu ndani. Wala ufahamu wa sayansi peke yake hautoshi kueleza. Vijana walijua kwamba hatari kwao ni ndogo kuliko kwa wazee, na bado wengi wao walibaki nyumbani.

Hapana budi basi tutafute msingi wa tatu. Msingi huo ni usawa katika kujinyima. Kila mtu anakubali kubeba mzigo kwa sababu anaamini kwamba jirani yake naye anaubeba, na kwamba aliyemtwisha naye amejitwisha. Amri ya maradhi ni mapatano ya umma mzima. Mtu mmoja akijitenga peke yake hapati faida kubwa; faida hupatikana pale wengi wanapofanya hivyo pamoja. Ndiyo maana amri ya namna hii hudhoofika haraka sana umma unapoona kwamba wako waliojiondoa katika mapatano kimyakimya.

Safari ya Durham

Tarehe 22 Mei 2020 magazeti mawili, Guardian na Daily Mirror, yalitoa habari kwamba Dominic Cummings, mshauri mkuu wa Waziri Mkuu, alikuwa amesafiri kutoka London hadi Durham, mwendo wa zaidi ya kilomita 400, mwishoni mwa Machi. Alisafiri na mkewe, aliyekuwa ameanza kuugua, pamoja na mtoto wao mdogo, wakafikia katika shamba la wazazi wake. Ikajulikana pia kwamba tarehe 12 Aprili aliendesha gari hadi mji wa Barnard Castle, mwendo wa nusu saa hivi. Kufikia siku ambayo habari hizi zilitoka, vifo vya korona vilivyotangazwa nchini humo vilikwishapita 36,000.

Mawaziri walijitokeza mmoja baada ya mwingine kumtetea. Tarehe 24 Mei Waziri Mkuu mwenyewe alisema kwamba mshauri wake ametenda kama ambavyo baba yeyote angetenda. Tarehe 25 Mei Cummings aliketi katika bustani ya ofisi ya Waziri Mkuu, Downing Street, akawaeleza waandishi wa habari kwamba alihofia mtoto angekosa wa kumtunza kama wazazi wote wawili wangelala kitandani, na kwamba safari ya Barnard Castle ilikuwa ya kujaribu kama macho yake yanaona vizuri kiasi cha kuweza kuendesha gari hadi London. Hakuomba radhi. Alisema alitenda kwa busara. Polisi wa Durham walitamka baadaye kwamba safari ya kwanza haikuwa kosa kwa sheria, bali ile ya Barnard Castle huenda ilikuwa ukiukaji mdogo.

Tuchambue hapa kwa makini. Inawezekana kabisa kwamba hofu ya baba huyo ilikuwa ya kweli, na mwongozo wenyewe ulikuwa na nafasi ya mazingira ya pekee kwa wenye watoto. Lakini maelfu ya akina mama na akina baba walikuwa na hofu hiyohiyo. Wao waliambiwa kwa sauti moja: bakini nyumbani. Hawakuambiwa kwamba kila mmoja apime mwenyewe kwa busara yake. Hivyo kiongozi alipojitetea kwa busara yake, aligeuza wajibu wa wote kuwa hiari ya mwenye ujuzi wa kutafsiri. Na waliomtetea wakaufanya utetezi huo kuwa msimamo wa serikali nzima.

Kipimo cha imani

Chuo Kikuu cha London (UCL) kilikuwa kikiendesha uchunguzi mkubwa juu ya hali ya watu wakati wa maradhi. Matokeo yanayohusu jambo letu yalichapishwa katika jarida la tiba la Lancet mwezi Agosti 2020, yakitokana na majibu zaidi ya 220,000 ya watu wapatao 40,000, yaliyokusanywa kati ya Aprili na Juni. Yalionyesha kwamba imani ya wakazi wa England kwa serikali yao juu ya kushughulikia maradhi ilishuka kwa ghafula kuanzia 22 Mei, na ikazidi kushuka siku zilizofuata mkutano wa bustanini. Katika Uskoti na Wales, imani ya watu kwa serikali zao wenyewe haikuanguka namna hiyo.

Hapo ndipo tofauti tuliyoitaja mwanzoni inaposaidia. Virusi ni vilevile, na televisheni zilitangaza habari ileile. Kilichotofautiana ni serikali inayoulizwa. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba watu walikuwa wamechoka tu. Uchovu usingechagua upande mmoja wa mpaka.

Tusitie chumvi hata hivyo. Utii ulikuwa umeanza kulegea kabla ya hapo, kwa kuwa amri zenyewe zilianza kulegezwa mwezi huohuo wa Mei. Wala wananchi wa England hawakuutupa wajibu wao. Majira ya baridi yaliyofuata, Januari 2021, ambapo siku nyingi zilipita vifo 1,000 kwa siku, walio wengi walirudi tena majumbani na kutii. Waliendelea kutii kwa ajili ya wazee wao, wauguzi wao na majirani zao. Kwa maneno mengine, umma ulibaki mwaminifu kwa umma. Kilichopungua ni imani kwa wanaoongoza, na imani hiyo ni akiba. Ikitumiwa kumwokoa mtu mmoja, haitakuwapo siku itakapohitajika kuwaokoa wengi.

Kosa, na utetezi wa kosa

Viongozi wengine nao waliteleza. Mwanzoni mwa Aprili 2020 Daktari Mkuu wa Serikali ya Uskoti, Catherine Calderwood, aliyekuwa akiwahimiza watu kubaki nyumbani, aligunduliwa kuwa ameitembelea nyumba yake ya pili iliyo mbali na makazi yake. Aliomba radhi hadharani. Waziri Kiongozi wa Uskoti, Nicola Sturgeon, mwanzoni alitaka aendelee na kazi, lakini usiku wa siku ileile, 5 Aprili, Calderwood alijiuzulu. Mwezi mmoja baadaye Profesa Neil Ferguson, mmoja wa wataalamu ambao hesabu zao zilichangia kuletwa kwa amri hizo, alijiondoa katika kamati ya kuishauri serikali baada ya kujulikana kwamba alitembelewa nyumbani kinyume cha maagizo.

Makosa hayo hayakuwa madogo kuliko safari ya Durham. Tofauti ni kwamba katika matukio hayo amri ilibaki juu ya mtu. Katika tukio la Durham mtu aliwekwa juu ya amri, naye akabaki kazini hadi Novemba 2020. Wananchi wanajua kwamba kiongozi ni binadamu, na kosa wanaweza kulisamehe. Kugumu kusamehe ni kuambiwa kwamba walichokiona kwa macho yao si kosa.

Karamu za ofisini

Somo hilo halikushikwa. Mwishoni mwa 2021 zikaanza kutoka habari za mikusanyiko na unywaji pombe katika Downing Street na ofisi nyingine za serikali, katika miezi ileile ambayo wananchi walikatazwa kukutana. Polisi wa London walitoa faini 126 kwa watu 83. Aprili 2022 Boris Johnson mwenyewe alitozwa faini kwa mkusanyiko wa siku yake ya kuzaliwa, 19 Juni 2020, pamoja na Rishi Sunak, aliyekuwa waziri wa fedha. Ilijulikana kwamba watumishi wa Downing Street walikuwa na sherehe usiku wa 16 Aprili 2021. Kesho yake Malkia Elizabeth, katika mazishi ya mumewe yaliyoruhusiwa kuwa na waombolezaji 30 tu, aliketi peke yake kama kanuni zilivyotaka.

Ripoti ya Sue Gray, iliyotolewa 25 Mei 2022, ina jambo moja ambalo halikuzungumzwa vya kutosha. Ilieleza kwamba wafagiaji na walinzi wa majengo hayo walitendewa bila heshima mara nyingi. Baada ya sherehe moja ya Desemba 2020, mfagiaji aliyeingia asubuhi alikuta mvinyo mwekundu umemwagika ukutani. Tuone picha hiyo inasema nini. Wenye vyeo walikunywa usiku. Mfanyakazi wa mshahara mdogo, ambaye kazi yake haifanyiki nyumbani, alitoka kwake wakati wa hatari ili afute uchafu wao. Walinzi waliona kila kitu, lakini hawakuwa na uwezo wa kusema "hapana" kwa wakubwa. Ukaguzi ulikuwapo mlangoni. Lililokosekana ni haki ya mdogo kumkumbusha mkubwa sheria.

Johnson alikuwa ameliambia Bunge, Desemba 2021, kwamba kanuni zilifuatwa. Juni 2023 kamati ya Bunge iliamua kwamba alilipotosha Bunge kwa makusudi. Kufikia wakati huo alikwishaacha uwaziri mkuu mwaka 2022, kwa mambo kadhaa yaliyomwondolea imani ya wenzake, na karamu hizo zikiwa miongoni mwake. Na kiti chake cha ubunge alikuwa amekiacha siku chache kabla.

Fundisho

Kutokana na hayo tunaweza kuchota mambo manne kwa mtu yeyote anayepewa dhamana ya kutangaza amri ya afya, awe waziri au balozi wa nyumba chache.

(a) Kabla ya kutangaza amri, kiongozi ajiulize kama yeye na nyumba yake wataweza kuiishi. Kama kuna shida ya kweli, kwa mfano mtoto asiye na mtunzaji, shida hiyo ni ya wengi. Basi nafuu yake itangazwe kwa wote, isichukuliwe na mmoja kwa siri.

(b) Kiongozi akikosea, akiri mapema, na adhabu iwe ileile impatayo raia. Kuchelewa siku tatu ni gharama.

(c) Wenzake wasigeuke kuwa mawakili wake. Mshikamano wa viongozi usiolinda kanuni ni mshikamano dhidi ya wananchi. Mnamo 30 Mei 2020 Naibu Daktari Mkuu wa England, Jonathan Van-Tam, alisema waziwazi kwamba kanuni zinawahusu watu wote. Sauti kama hiyo haiidhoofishi serikali, ndiyo inayoinusuru.

(d) Mlinzi, dereva, mfagiaji na karani wawe na haki ya kumsimamisha mkubwa anayevunja kanuni ya afya, bila kuhatarisha kazi zao.

Wahenga walisema, mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Amri ya maradhi isipomchoma anayeitoa, wananchi hawatahitaji semina kuielewa. Watakuwa wameielewa mno. Maradhi mengine ya kuambukiza yatakuja, na siku hiyo kiongozi atasimama tena kuwaomba watu wafunge milango yao na wawazike wapendwa wao kwa uchache. Watamsikiliza au hawatamsikiliza kwa kadiri wanavyokumbuka alikokuwa yeye mara iliyopita.