Kwa Nini Bahari Hula Zege

Sisi wa Mwisenge twachota maji ya kuchanganyia zege ziwani, na hakuna aulizaye neno, kwa kuwa maji ya Ziwa Viktoria ni matamu. Lakini mwenzetu atakayepata kazi ya uashi Tanga au Mtwara huenda akaikuta bahari i mlangoni na bomba liko mbali. Je, akitumbukiza ndoo yake baharini atakosa?

Zege lenyewe halikatai. Saruji iliyotiwa maji ya bahari hushikana, tena siku za kwanza hukaza upesi kuliko kawaida, ingawa baadaye nguvu zake hupungua kidogo. Hapo ndipo fundi hudanganyika. Katika kila lita ya maji hayo mna gramu 35 hivi za chumvi, na zaidi ya nusu yake ni kloridi.

Nondo zilizomo ndani ya zege hazishiki kutu upesi, kwa sababu chokaa itokayo katika saruji, ambayo ni kinyume cha asidi, hukivika chuma ngozi nyembamba mno ya kukilinda. Kloridi huitoboa ngozi hiyo. Hewa na unyevu vikifika, kutu huanza, nayo hutaka nafasi mara mbili au zaidi ya ile ya chuma kilicholiwa. Basi zege hupasuka kutoka ndani, ufa ukifuata mstari wa nondo, na maji mengine yakapata njia. Aliyetia maji ya bahari tangu mwanzo amemfungia mwizi ndani ya nyumba.

Nje nako mna vita. Salfati ya baharini hufanya fuwele zinazovimba ndani ya saruji, na magnesiamu huiondoa chokaa. Wengi hudhani hatari kubwa iko chini ya maji. Sivyo, iko pale mawimbi yanaporukia, maana hapo zege hulowa na kukauka, chumvi hubaki, na hewa haikosekani.

Mtu ataniuliza: mbona kuta za Husuni Kubwa, Kilwa Kisiwani, zasimama tangu karne ya 14? Wazee wale walijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa, wala hawakutia nondo. Pasipo chuma hapana kutu. Warumi nao walichanganya chokaa na majivu ya volkano, na baadhi ya magati yao yamo baharini hata leo, baada ya miaka 2,000 hivi. Majivu ya jamii hiyo yapo kwetu pia, upande wa Mbeya, na hutiwa katika saruji. Huziba vitundu ambavyo chumvi ingepitia.

Kwa hiyo zege lenye nondo lipewe maji yanayonyweka, mchanga wa pwani uoshwe kwanza, na nondo zizamishwe ndani sana, milimita 50 au zaidi karibu na bahari. Zege lisilo na chuma laweza kustahimili maji ya chumvi pasipo maji mengine, ila litatoa unga mweupe, na rangi haitashika vizuri juu yake.