Nyama ya Kusaga, Tamu na Kali, Juu ya Wali

Ninyi akina mama mfundishao shule mchana na kupika jioni, leo nataka kuwaeleza habari ya chakula kimoja kisichokawia motoni.

Wifi yangu ni mwalimu. Hutoka shuleni saa kumi na moja, na hata afike nyumbani na kuwasha makaa, jua limekwisha kutua. Siku moja nalikwenda kumtazama saa mbili ya usiku, nikakuta maharagwe yangali yakitokota, na mtoto wake mdogo amelala mkekani, kijiko kikiwa mkononi. Akaniambia, "Wifi, hii ni mara ya tatu juma hili. Nikimwamsha hulia, wala hali." Mtoto alalaye na njaa hana nguvu za kusoma asubuhi, na mama huyu ayajua hayo kuliko wengi, maana kila siku awaona watoto wa watu wakisinzia mbele yake darasani.

Basi nikakumbuka chakula nilichofundishwa na bibi mmoja wa Kikorea, aliyekuwa mgeni wa jirani zetu. Wakorea wana nyama yao iitwayo bulgogi, yaani "nyama ya moto." Hukatwa vipande vyembamba sana, ikalowekwa katika mchuzi wa soya, sukari, kitunguu saumu na mafuta ya ufuta, kisha ikachomwa. Bulgogi yenyewe ni tamu, si kali. Ukali wa vyakula vyao hutoka zaidi katika rojo nyekundu iitwayo gochujang, ambayo hufanywa kwa pilipili, mchele wa kunata, soya zilizochachushwa na chumvi. Lakini kukata nyama nyembamba kama karatasi ni kazi ya kisu kikali na mkono usio na haraka. Kwa hiyo wapishi wengi, hasa huko Marekani, siku hizi hutwaa nyama ya kusaga badala yake, wakatia utamu na ukali pamoja, wakaipakua juu ya wali katika bakuli. Nyama ya kusaga haihitaji kulowekwa, maana kinu kimekwisha kufanya kazi yote ya meno na ya saa.

Kwa watu sita twaa nyama ya ng'ombe ya kusaga nusu kilo, mchele vikombe vitatu, kitunguu maji kimoja, karoti mbili, kitunguu saumu punje nne, na tangawizi kiasi cha kidole gumba. Weka tayari mchuzi wa soya vijiko vikubwa vinne, na sukari guru iliyopondwa vijiko vitatu. Pilipili nyekundu ya unga nusu kijiko kidogo yatosha kwa kuanzia.

Teleka wali kwanza, nao uwe mtupu. Wakorea hawatii chumvi katika wali wao, na hapa wana haki, kwa sababu mchuzi wa soya ni chumvi tupu kwa ulimi. Najua wako wasioweza kula wali usio na nazi. Mimi ni mmoja wao. Lakini nimejaribu, na nazi hupigana na soya, wala hakuna ashindaye.

Wali ukiwa motoni, ponda saumu na tangawizi, ukoroge na mchuzi wa soya, sukari, pilipili na nusu kikombe cha maji, uviweke kando. Kisha pasha karai moto sana. Tia mafuta kidogo, tia nyama, uivunjevunje kwa mwiko, halafu uiache. Uiache kweli! Nyama itatoa maji yake. Ngoja hata maji yakauke, nayo ianze kulia karaini na kugeuka rangi ya kahawia. Ndipo utie kitunguu na karoti zilizokatwa nyembamba, na baada ya dakika tatu umimine ule mchuzi. Utatokota, utapungua, nao utaishika nyama na kung'aa. Epua. Kama makaa yalikuwa tayari, kazi yote haikuzidi nusu saa.

Mara ya kwanza mimi nalifanya kinyume. Kwa kuwa mgeni alikuwa sebuleni, nalimimina mchuzi pamoja na nyama mbichi, nikidhani nitaokoa dakika. Nyama ikachemka katika maji yake kama uji wa kijivu, na nilipochochea moto ili kuyakausha, sukari ikashika chini ikaungua. Mgeni wetu, mwalimu mtu mzima, alikula yote akasifu wali.

Na kuna jambo lililo zito kuliko sukari iliyoungua. Kipande kizima cha nyama huwa na vijidudu vya ugonjwa juu ya uso wake, nao moto huwaua upesi. Nyama ikisagwa, kilichokuwa nje huingia ndani, na nyama ya ng'ombe wengi huweza kuchanganyika katika kinu kimoja. Kati ya mwisho wa mwaka 1992 na mwanzo wa 1993, magharibi ya Marekani, watu zaidi ya 700 waliugua kwa ajili ya nyama ya kusaga isiyoiva vema iliyouzwa katika mikate, na watoto 4 wakafa. Huko huagizwa kwamba nyama ya namna hii ifikie joto la digrii 71 za Selsiasi. Sisi tusio na kipimo jikoni tutazame macho yetu: pasibaki chembe nyekundu wala donge lililofungamana. Kule kukausha maji niliyokueleza huleta ladha, na papo hapo hulinda watoto. Nawe ukienda buchani, chagua kipande kwanza, kisha ukisagishe mbele yako, uende nacho nyumbani moja kwa moja. Nyama ya kusaga iliyoshinda kwenye meza ya mwuza nyama tangu asubuhi, mwachie mwenyewe.

Mafuta ya ufuta yasiwatie hofu. Watu wa pwani huyajua tangu zamani kwa jina la mafuta ya uto, na katika Unguja na Lamu ngamia walizungushwa vinuni kuyakamua. Ufuta hata leo hulimwa sana Lindi na Mtwara. Tofauti ni kwamba Wakorea hukaanga mbegu kabla ya kukamua, kwa hiyo mafuta yao ni meusi kidogo na harufu yake hujaza nyumba. Asiyeyapata akaange kijiko cha ufuta katika kikaango kikavu hata utoe harufu, auponde, na kuunyunyiza juu ya bakuli. Wao pia huchemsha mboga ifananayo na mchicha kwa dakika moja tu, wakaikamua maji, wakaitia ufuta, saumu na chumvi. Mchicha wetu wafaa kabisa kwa hayo, nao huongeza chakula pale nyama ilipo haba.

Wali ukibaki, usilale mezani hata asubuhi kuwa kiporo, maana mbegu za vijidudu fulani huvumilia kuchemshwa, kisha huamka katika wali wenye uvuguvugu. Upoe upesi, uwekwe penye baridi; pasipo na jokofu, pika wa kumaliza.

Wifi yangu sasa hupika hivi siku mbili katika juma, fedha zikiruhusu. Pilipili haitii karaini tena, bali bakulini mwake peke yake, kwa ajili ya watoto. Juzi yule mdogo, akiwa macho makavu, aliinyosha bakuli yake akataka na yeye atiliwe.