Si kucheza, ni kuunda: kijana akiomba ruhusa ya gemu jamu

Dadangu aliolewa Kisumu na anakaa Kaloleni. Si Kaloleni yetu ya Kilifi, bali mtaa mkongwe wa mji ule wa ziwani, ambako Kiswahili na adhana si vigeni. Wiki jana alinipigia simu, sauti imemkauka.

"Kaka, mpwa wako aomba ruhusa wikendi nzima akakeshe kwenye gemu. Mie gemu zimenichosha."

Namwelewa. Mwaka uliopita kijana huyo alizamisha karo ya muhula mzima kwenye kubeti kwa simu. Kwa mama aliyelipa deni lile kidogo kidogo, gemu na kamari ni watoto wa tumbo moja. Nilimweleza kama nitakavyokueleza wewe msomaji, maana huenda nawe ukaombwa ruhusa hiyo hiyo.

Anachokwenda kufanya si kucheza, ni kuunda. Wenyewe huiita gemu jamu; si jamu ya mkate wala ile ya magari pale Daraja la Nyali. Kwa kawaida watu hukutana Ijumaa jioni, hutangaziwa mada ambayo hawakuijua kabla, kisha hujigawa vikundi. Kufikia Jumapili, kila kikundi kinatakiwa kiwe na gemu inayochezeka, hata kama ni ya dakika mbili. Mmoja huandika programu, mwingine huchora, wa tatu hushughulikia sauti. Wa nne, ambaye husahauliwa sana, huijaribu gemu na kusema palipoharibika.

Jambo lenyewe si la jana. Ludum Dare ipo kwenye intaneti tangu 2002, na mtu aweza kushiriki peke yake akiwa nyumbani. Global Game Jam, ambayo watu hukutana ana kwa ana, ilianza 2009 katika nchi 23. Baadhi ya kazi za wikendi zimefika mbali: Baba Is You ya Arvi Teikari wa Finland ilizaliwa kwenye Nordic Game Jam ya 2017, na 2019 ikaingia sokoni. Lakini hiyo ni riziki ya wachache. Sikumuahidi dada utajiri.

Faida ninayoiona mimi ni kujifunza kumaliza. Vijana wetu wana mawazo makubwa yanayoanza kwa kishindo na kufa kimya kimya. Saa 48 haziruhusu hilo. Kijana ataanza akitaka Kisumu nzima, bodaboda, soko na meli. Usiku wa Ijumaa atapunguza. Jumamosi atapunguza tena. Jumapili atabaki na mtumbwi mmoja unaokwepa magugumaji ziwani, lakini mtumbwi huo utakwenda, na mwenziwe ataucheza.

Anayetaka kwenda ajitayarishe mapema. Godot, programu ya kuundia gemu, ni ya bure. Aipakue na kuizoea kabla ya Ijumaa, asije akamaliza bando siku ya kazi. Kazi aihifadhi kwenye flashi kila baada ya muda, kwani stima haipigi hodi inapoondoka. Alale pia, kukesha si sharti, na mwenye usingizi huharibu saa moja alichojenga saa tano. Swala zisiachwe. Adhana ikilia, hayo ndiyo mapumziko yenyewe.

Nawe mzazi, uliza mambo mawili: ni nani anayesimamia mahali hapo usiku, na je, kuna pesa inayowekwa ili mtu ashinde? Mchango wa chakula ni sawa. Dau si sawa, na hapo mwanao asiende. Gemu jamu halisi haina dau. Anachopoteza mshiriki ni usingizi tu.

Dada alinyamaza kidogo, kisha akatoa masharti yake: kijana arudi nyumbani kulala, na Jumapili jioni amwonyeshe alichotengeneza, naye mama aucheze mwenyewe.

Mpwa wangu alikubali, ila sharti la mwisho lilimtia hofu kuliko la kwanza. Nikamwambia ni vyema. Kwenye kubeti hakuwahi kuwa na kitu cha kumwonyesha mamake.