Chakula cha Vunjajungu

Wapo wazee wa pwani waliowakataza watoto kumgusa vunjajungu, kwa imani kwamba amgusaye atavunja chombo cha kwanza atakachokishika. Watoto wengi wa leo hawalijali katazo hilo. Humkamata mdudu, humtia chupani, kisha humjazia majani mabichi. Siku chache zikipita mdudu hufa, nao hudhani ameuawa na kifungo. Kumbe amekufa kwa njaa.

Vunjajungu hali majani kamwe; ni mwindaji. Wala si kila nyama imfaayo, kwani panzi aliyekufa na kulala chini ya chupa ni sawa na kijiwe mbele yake. Anataka kitu kinachosogea. Jambo hili limechunguzwa kwa njia ya ajabu katika Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza. Mwaka 2016 watafiti wa huko walitangaza kwamba wamewavisha miwani vunjajungu wa jamii ya Sphodromantis lineola, ambao asili yao ni Afrika. Jicho moja liliwekewa kioo cha rangi ya buluu na la pili cha kijani, miwani ikabandikwa kwa nta ya nyuki, na wadudu wakaonyeshwa sinema ya doa linalotembea. Doa lilipofanywa lionekane kuwa karibu, umbali wa kama sentimita 2.5, vunjajungu waliirusha miguu yao ya mbele kulidaka, ingawa hapakuwa na kitu hewani. Utafiti uliofuata mwaka 2018 ulidhihirisha kwamba mdudu huyu hupima umbali kwa kulinganisha mahali ambapo picha inabadilika katika macho yake mawili. Basi kisichosogea hakimpi la kupima. Ndiyo maana mtunzaji asiye na mdudu hai aweza kumdanganya vunjajungu kwa kipande kidogo cha nyama kilichoshikwa kwa kibanio na kutikiswa taratibu mbele yake.

Baada ya mwendo, la pili ni ukubwa. Mguu wa mbele wa vunjajungu hujikunja mfano wa kisu cha kukunja, na pande zote mbili zina miiba. Mawindo madogo mno huponyoka katikati ya miiba. Makubwa mno hayakumbatiki. Mwaka 1964 mwanaekolojia wa Kanada, C. S. Holling, alionyesha kwamba ukubwa wa mawindo yanayomfaa vunjajungu waweza kukadiriwa kwa kuupima mguu huo. Mtunzaji wa kawaida hana haja ya hesabu hizo: achague mdudu asiyezidi nusu ya urefu wa vunjajungu wake.

Kazi ngumu ni kuwalisha watoto. Kifuko kimoja cha mayai, kinachofanana na povu lililokauka juu ya kijiti, hutoa makumi ya tunutu wenye urefu wa milimita chache tu, na wakikosa chakula huanza kulana. Hao hufaa wapewe inzi wadogo wanaozunguka matunda yaliyoiva. Kuwapata hakuna gharama. Tia ndizi iliyoiva sana katika chupa yenye mdomo mpana, iache wazi siku mbili au tatu mpaka inzi watage, kisha ifunike kwa kitambaa chepesi. Katika joto la kama nyuzi 25 za Selsiasi kizazi kipya hutoka baada ya siku 10 hivi. Hawa ni ndugu wa wale waliomwezesha T. H. Morgan kueleza mambo ya urithi na kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 1933. Na katika maabara za namna hiyo wamepatikana inzi wenye mabawa yaliyodumaa, ambao ni neema kwa mtunzaji kwa kuwa hawaruki.

Tunutu akikua apewe inzi wa nyumbani, nondo, panzi na nyenje. Lakini yupo vunjajungu mkubwa apatikanaye Tanzania na nchi jirani, Idolomantis diabolica, anayependelea wadudu warukao. Huyo umwekee inzi na nondo. Sisimizi na siafu usimpe yeyote, maana huweza kumuua tunutu. Vilevile usichukue mende wala inzi kutoka nyumba iliyopuliziwa dawa ya wadudu, kwa kuwa sumu iliyomo mwilini mwao humwingia alaye. Maji hunywa kwa matone yaliyonyunyizwa juu ya kijiti.

Itafika siku vunjajungu akatae kila kitu na kuning'inia kichwa chini. Si ugonjwa, anakaribia kujivua gamba. Hapo umtoe upesi nyenje aliyebaki chupani, kwa sababu ngozi mpya ni laini, na nyenje mwenye njaa atamtafuna mwenyeji wake akiwa hawezi kujitetea. Asipewe chakula tena mpaka ngozi hiyo ikaze, yaani baada ya siku moja au mbili.