Manjano ya Shangazi na Dawa ya Kifafa

Shangazi yangu, mkaazi wa Maskati kwa miaka mingi, anameza fenitoini kila siku kwa ajili ya kifafa, na kwa muda mrefu hakuanguka. Magoti yalipomsumbua, alinunua vidonge vya manjano. Wiki chache baadae akawa anayumba akitembea, ulimi mzito, na kila kitu akikiona viwili viwili. Sisi tulidhani ni uzee.

Hospitali wakampima damu. Fenitoini ilikuwa imepindukia kiwango. Daktari akamuuliza kama anatumia kitu chengine.

"Hapana, mwanangu."

Mimi ndiye niliyekikumbuka kile kichupa. Shangazi akacheka: "Ah, hayo si dawa! Ni manjano na pilipili manga tu. Kwani kwenye pilau tunatia nini?"

Tofauti ni kipimo. Vidonge vingi vya manjano hutiwa piperini, yaani kile kiini cha ukali wa pilipili manga, ili manjano yafyonzwe vizuri mwilini. Piperini hiyohiyo huongeza pia fenitoini inayoingia kwenye damu. Na fenitoini ina tabia yake: ini likikaribia ukomo wa kuivunja, nyongeza ndogo tu huipandisha sana.

Mitishamba mingine hufanya kinyume. St John's wort, unaouzwa Ulaya kwa wenye huzuni, hulichochea ini kuvunja dawa upesi. Dawa ikipungua, kifafa kinaweza kurudi. Maji ya balungi hupandisha kabamazepini, dawa nyengine ya kifafa. Kafuri ikimezwa huweza kumwangusha hata asiye na kifafa.

Sisemi tutupe dawa za wazee wetu. Habasoda imo majumbani mwetu mwote, nayo pia maabara imeonekana kuzuia baadhi ya vimeng'enya vya ini. Nasema tusizifiche. Ukienda kwa daktari au mfamasia, chukua kila kichupa na kila kifurushi, hata cha asali iliyochanganywa. Na usiiwache dawa ya kifafa ghafla, wala usijipunguzie mwenyewe: kuikata ghafla huweza kuleta kifafa mfululizo kisichokoma, na hicho huua.

Shangazi aliviwacha vile vidonge kwa amri ya daktari, damu ikapimwa tena, kiwango kikashuka. Sasa anatembea sawasawa. Pilau yake, alhamdulillahi, bado ina pilipili manga.