Nasibu Yenye Mipaka Katika Programu za Kompyuta

Neno nasibu, lenye asili ya Kiarabu, lina maana ya fungu limpatalo mtu pasipo yeye kulichagua. Mtupa dadu hungojea nasibu. Programu ya kompyuta huipiga hesabu. Njia moja mashuhuri ni ile aliyoieleza D. H. Lehmer mwaka 1949: nambari ya kwanza, iitwayo mbegu, huzidishwa kwa nambari nyingine, kisha zao lake hugawanywa kwa kigawanyo maalumu, na baki likawa ndilo mbegu ya mara ya pili. Apandaye mbegu ile ile huvuna mfululizo ule ule. Jambo hili ni aibu katika mchezo wa karata, bali ni faida kwa mtaalamu atakaye kulirudia jaribio lake.

Kazi ngumu ni kuitia nasibu hiyo mipaka. Achukuliwe mchunguzi mwenye utenzi wa kurasa 100, anayetaka kuchagua kurasa chache ili ahesabu maneno yenye asili ya Kiarabu. Mashine yake hutoa nambari kuanzia 0 hadi 255, zote kwa usawa. Yeye huigawanya kila nambari kwa 100, hulitwaa baki na kuongeza 1. Kwa macho hapana kosa. Lakini 256 haigawanyiki sawasawa kwa 100: kila ukurasa katika 56 za mwanzo una njia tatu za kuchaguliwa, na kila mmoja katika 44 za mwisho una njia mbili tu. Na kwa kuwa tenzi hufunguliwa kwa hamdu na dua, maneno ya Kiarabu yataelekea kuonekana mengi kuliko yalivyo.

Dawa yake ni kukataa. Ikitokea nambari kuanzia 200 hadi 255, hutupwa, na mashine huulizwa tena. Ndipo kila ukurasa hubakia na njia mbili kamili. Mashine itoayo nambari 4,294,967,296 huifanya kasoro hiyo kuwa ndogo mno, ila haiiondoi.

Kuna na mtego wa lugha yenyewe. Nyumba iliyo kati ya misikiti miwili si msikiti; basi nambari "kati ya 1 na 6", kwa kufuata herufi, ni 2, 3, 4 na 5, wala dadu ya kawaida haiko hivyo. "Hadi" nayo haikati shauri: aliyeazimwa kitabu hadi Ijumaa aweza kukirudisha Ijumaa jioni, na mwenyewe akanuna. Hata lugha ya Python ina amri mbili zinazohitilafiana: randint(1, 100) huweza kuutoa ukurasa wa 100, na randrange(1, 100) huishia 99. Kwa hiyo mwandishi wa maelezo ya programu kwa Kiswahili hana budi kuongeza maneno mawili, "zote zikiwemo", au kutaja waziwazi ile isiyokuwemo.