Kutu ya diski za breki: ipi uipuuze, ipi uiogope

Osha gari Jumamosi jioni, lilaze nje Mtwapa au Kigamboni, kisha Jumapili asubuhi chungulia kwenye matundu ya rimu. Diski iliyokuwa inang'aa jana imegeuka rangi ya kutu kuanzia ukingo hadi katikati. Mwenye gari hushtuka, na akiuliza huku na huku hupata jibu moja kati ya mawili. Fundi wa kwanza atamwambia anunue diski mpya. Wa pili atamwambia asihangaike, itatoka yenyewe. Kila jibu lina magari ambayo linayafaa. Kosa la mafundi wengi ni kulitoa huku tairi lingali limefungwa.

Karibu diski zote za magari madogo ni za chuma cha kusubu, yaani chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, chenye kaboni ya asilimia 3 hadi 4. Wanaozitengeneza wanajua fika kwamba zinashika kutu. Wamekichagua chuma hicho kwa sababu kinapitisha joto upesi, kinameza mtetemo, kinakerezeka vizuri na bei yake ni nafuu. Gari la kilo 1,300 likisimamishwa kutoka kilomita 100 kwa saa, breki zinabeba joto la kutosha kuchemsha lita moja na nusu ya maji ya bomba, tena kwa sekunde chache tu. Diski ya bodaboda hukaa safi hata baada ya mvua kwa kuwa imetengenezwa kwa chuma kisichoshika kutu, lakini chuma hicho hupitisha joto polepole zaidi, na pikipiki ina uzito mdogo. Rangi nayo haisaidii pale pedi inaposugua, maana ingefutika siku ya kwanza. Ndiyo maana diski nzuri hupakwa rangi katikati na ukingoni tu.

Kwa hiyo uso wa diski ni chuma kitupu, kimekwaruzwa na pedi hadi kikawa kipya kabisa, halafu kinaachwa kwenye hewa. Chuma hicho kikipata maji na oksijeni, kutu inaanza baada ya saa chache. Pwani ina jambo la ziada: chumvi. Chumvi ikiyeyuka kwenye utando wa maji hupitisha umeme vizuri, na kutu ni kazi ya umeme mdogo unaotembea kutoka sehemu moja ya chuma hadi nyingine. Zaidi ya hapo, chumvi huvuta unyevu kutoka hewani, hivyo diski ya gari linalolala karibu na bahari huloana hata bila mvua.

Kutu hii ya usiku mmoja ni ya kupuuza. Ni nyembamba mno na imeshikilia kidogo tu. Ukianza safari utasikia mkwaruzo, na breki mbili tatu za mwanzo zinaweza kushika kwa ukali usiouzoea au kwa ulegevu, basi endesha taratibu na uache nafasi mbele. Ukikanyaga mara kadhaa kwa upole, pedi zinaisugua yote. Ukifika sokoni na kurudi, diski inapaswa kuwa imeng'aa. Afadhali zaidi, baada ya kuosha gari usiliegeshe papo hapo: lizungushe dakika chache mtaani huku ukigusa breki, joto likaushe maji.

Kuna tiba moja ninayoipinga kwa nguvu zote, nayo ni mafuta. Pwani watu wengi hupulizia oili chafu chini ya gari ili kuzuia kutu, na anayepuliza huwa hajali tone limeangukia wapi. Wengine huchukua dawa ya kulegezea nati na kuipuliza kwenye diski yenyewe kwa kuwa inang'arisha haraka. Inang'arisha kweli, na hapo hapo inaondoa msuguano ambao ndio breki yenyewe. Pedi iliyokunywa mafuta haifai kurudishwa kazini, itupwe. Diski ikipata mafuta, isafishwe kwa dawa maalumu ya kusafishia breki na kufutwa kwa kitambaa safi.

Sasa tuje kwenye kutu ya kuogopa. Kama gari limetembea siku mbili tatu za kawaida na diski bado ina mkanda wa kutu upande ambao pedi inapaswa kugusa, hiyo haitatoka yenyewe. Gari likipoa kabisa, pitisha ukucha kutoka katikati kwenda ukingoni. Uso mzuri una mistari midogo sana ambayo ukucha unaihisi bila kunasa. Ukinasa kwenye vishimo, au ukipanda ngazi ya kutu inayobanduka kwa magamba, chuma kimeshaliwa. Pedi inagusa sehemu tu ya uso, sehemu hiyo inapata joto kupita kiasi, na umbali wa kusimama unaongezeka bila dereva kujua mpaka siku atakapohitaji breki yote.

Magari yaliyokaa wiki nyingi yana dalili yake. Pedi huhifadhi unyevu mahali inapogusana na diski, na alama yenye umbo la pedi hujichora pale. Gari likianza kutembea, alama hiyo inapita kwenye pedi kila mzunguko, na mguu unasikia pedali ikipiga mapigo. Ikiwa ni nyepesi, mafundi huisugua kwa msasa namba 80 au 120, na inatosha. Ikiwa imechimba, diski ikerezwe kwenye mashine au ibadilishwe. Kinachoamua ni unene. Pembeni au kwenye shingo ya diski kuna herufi MIN TH na namba ya milimita: huo ndio unene wa mwisho unaoruhusiwa. Diski ya mbele yenye milimita 22 ikiwa mpya mara nyingi huwa na kikomo cha 20. Fundi apime kwa maikromita kabla ya kukereza, akate sawasawa pande zote mbili, kisha apime tena. Diski iliyopita kikomo haikerezwi. Na zibadilishwe mbili kwa pamoja, kushoto na kulia, la sivyo gari litavuta upande.

Lakini kutu inayowasumbua watu zaidi haionekani hata tairi likitoka. Iko nyuma ya diski, pale inapolalia habu, yaani kitovu cha gurudumu. Dalili yake ni usukani unaotikisika ukipiga breki kwenye mwendo mkubwa, na kisa chake hurudiwa gereji nyingi: mteja ananunua diski mpya, usukani unatulia muda mfupi au hautulii kabisa, analaumu duka kwamba limemuuzia mali feki.

Angalia kazi hiyo inavyofanywa na fundi anayeijua. Gari liko juu ya stendi, kalipa, yaani kifaa kinachoshika na kubana pedi, imefunguliwa na kufungwa kwa waya kwenye springi ili isining'inie kwa paipu yake. Diski imegandia. Hapigi nyundo. Magari mengi ya Kijapani yana matundu mawili yenye hesi kwenye shingo ya diski, na humo anaingiza bolti mbili za M8, zile za spana namba 12, akizikaza kwa zamu, kidogo huku kidogo kule, mpaka diski inalia na kuachia. Nyuma yake uso wa habu umejaa unga mwekundu, na kuzunguka kila stadi, yaani bolti ya kufungia tairi, kuna pete ya magamba magumu. Gamba moja likibaki pale, diski mpya itakaa kwa mshazari. Kupepesuka kunakoruhusiwa ukingoni mwa diski ni kama milimita 0.05 kwenye magari mengi, kiasi ambacho jicho halikioni. Basi anapiga brashi ya waya, anazungusha msasa kila stadi, anafuta vumbi kwa kitambaa chenye unyevu badala ya kulipuliza kwa upepo wa kompresa, kwa kuwa si vumbi la kuvuta puani. Mwisho anakaza nati kwa mkato wa nyota kwa spana ya kupimia. Toyota nyingi ndogo hutaka Nm 103. Kazi ya brashi haichukui hata robo saa, na ndiyo inayorukwa mara nyingi kuliko zote.

Kutu nyingine iliyojificha ni ya pini za kalipa. Kalipa nyingi zina pistoni upande mmoja tu na huteleza kwenye pini mbili ili pedi ya pili nayo ibane. Pini zikigandia, pedi ya ndani inakwisha huku ya nje ikibaki nene, na uso wa nje wa diski unabaki na kutu kwa kuwa hakuna kinachousugua. Kwa hiyo kutu iliyong'ang'ania kwenye diski moja wakati nyingine tatu ni safi ni dalili ya kalipa, na kubadilisha diski peke yake ni kutupa pesa. Pini zisafishwe na kupakwa grisi ya silikoni. Grisi ya kawaida huvimbisha mpira.

Ndani ya kalipa pia kuna chuma, na maji hufika huko kupitia mafuta ya breki. Mafuta ya DOT 3 na DOT 4 hunyonya unyevu. DOT 3 ikiwa mpya haichemki chini ya nyuzi 205, lakini ikishanyonya maji kikomo chake hushuka hadi 140. Kuyabadilisha kila miaka 2 kunaokoa pistoni na kunaokoa breki kwenye mteremko mrefu.

Wenye magari ya haibridi na ya umeme wawe macho zaidi. Prius au Nissan Leaf hupunguza mwendo kwa mota inayorudisha umeme kwenye betri, na diski za nyuma zinaweza kukaa siku nyingi karibu bila kazi. Volkswagen iliona tatizo hilo ikarudisha dramu nyuma kwenye ID.3, kwa kuwa dramu imefunikwa. Wewe, mara moja kwa wiki, tafuta barabara tupu iliyonyooka, weka gia kwenye N na upige breki mara kadhaa kwa uthabiti. Mota haitasaidia, pedi ndizo zitakazofanya kazi. Usilijaribu hilo kwenye mteremko.

Na hendibreki: ukiegesha kwa siku nyingi baada ya mvua, usiiache imevutwa. Mahali palipo tambarare weka P au gia ya kwanza, uweke vigingi kwenye tairi.

Anayenunua gari la mtumba kutoka Japani aulize limetumika mkoa gani. Maeneo ya theluji kama Hokkaido humwaga chumvi barabarani wakati wa baridi, na gari la huko huja na kutu iliyoanza kula nyuma ya diski kabla halijapanda meli.

Basi ukiambiwa diski zako zimekufa, usitoe pesa kabla tairi halijafunguliwa. Mwombe fundi akuonyeshe mambo matatu kwa macho yako: uso wa ndani wa diski, unene wake kwenye maikromita, na habu ikiwa imepigwa brashi. Fundi asiyetaka kukuonyesha, peleka gari kwa mwingine.